Sherehe ya Kumpokea Mwalimu wa Hesabu, Kata ya Saba

(Kipaza sauti chapiga mluzi. Chapigwa kofi. Chanyamaza.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa sherehe hii, ambaye amepatwa na dharura ya harusi huko Butwal, na kwa hiyo kiti chake nimeombwa nikikalie mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, ndugu yangu wa tumbo moja, Tilakhari Lamsal, ambaye yuko nasi kiroho. Mwalimu Mkuu Hasta Budha. Viongozi wa vyama vyote vya siasa, vile vilivyoungana na vile vilivyogawanyika tena jana jioni. Wazee wetu mliovaa kofia zenu vizuri. Askari wastaafu mliolinda mipaka ya watu wengine kwa uaminifu mkubwa. Akina mama wa kikundi cha akiba. Wanafunzi kumi na wanne wa darasa la kumi mliokaa hapo chini kwenye vumbi, kwa sababu madawati yenu tumeyaazima kidogo yawe jukwaa. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajue nimemtaja kimoyomoyo. (Makofi.)

Kwa majina naitwa Bishnuhari Lamsal, Mkuu wa Kitengo cha Elimu, Halmashauri ya Kafalbot, ingawa najua hapa hakuna asiyenijua, maana hata ng'ombe wa kata hii wakiliona gari langu hupisha njia. (Kicheko.) Nichukue fursa hii adhimu, kwa unyenyekevu mkubwa nisiouzoea, kuwashukuru kwa mashada haya ya maua kumi na saba niliyovikwa shingoni, kiasi kwamba wananchi wa mbele mnaniona pua tu, na kwa poda nyekundu mliyonipaka usoni hadi masikioni. Hii ni ishara tosha kwamba kata hii ina wadau wenye mwamko, na mdau mwenye mwamko ni nguzo ya maendeleo endelevu, jumuishi, shirikishi na kadhalika.

Ndugu wananchi, leo ni siku ya historia. Leo, baada ya miaka mitatu ya mchakato, tathmini, upembuzi yakinifu, semina nne, warsha sita na ziara moja ya mafunzo ya siku tisa huko Bangkok, ambako mimi na mke wangu tulichunguza kwa makini jinsi wenzetu wanavyopokea walimu, leo, nasema, chini ya Mpango Kabambe wa Hesabu Kijijini, Kata ya Saba inampokea rasmi mwalimu wa hesabu! (Makofi mengi. Wanafunzi wasimama, wanatazama huku na huku.)

Kaeni, wanangu, kaeni. Kila kitu kwa itifaki.

(Sauti ya mzee: "Yuko wapi sasa? Tumekuja toka alfajiri kumwona yeye, si wewe!")

Nani huyo? Aa, mzee Gopilal Gharti, hawaldari mstaafu! Ona aibu iliyotupata: mzee kama huyu, mwenye medali mbili na goti la chuma, amesahauliwa kualikwa jukwaani! Mshereheshaji, rekebisha kosa hili haraka. Mzee, panda, panda juu, ukae nasi, uvikwe shada. (Mzee Gopilal apandishwa, avikwa shada, apakwa poda.) Na kwa kuwa sasa yuko jukwaani, yeye ni sehemu ya uongozi wa sherehe, na kama mnavyojua nyote kwa desturi yetu, aliyeketi jukwaani hawezi kumuuliza mwenyekiti swali, tena baada ya mwenyekiti kusema hakuna anayesema. (Mzee Gopilal: "Ala!") Asante mzee kwa kuafiki.

Nirejee kwenye hoja. Wapo wachonganishi wanaosema shule hii haifaulishi. Jamani, tuseme kwa takwimu, siyo kwa umbea wa bombani. Mwaka juzi, katika mtihani wa taifa wa darasa la kumi, waliofaulu hesabu hapa walikuwa sifuri. Mwaka jana alifaulu mmoja. Kutoka sifuri hadi mmoja! Niliwauliza wataalamu makao makuu ukuaji huo ni asilimia ngapi, wakaniambia kwa barua kwamba ukuaji wa namna hiyo hauwezi kukokotolewa. Nionyesheni halmashauri nyingine yoyote ambayo maendeleo yake yamewashinda wataalamu kukokotoa! (Makofi machache. Sauti: "Huyo mmoja alikwenda kusomea kwa mjomba wake Dang!") Ndiyo, na basi la kwenda Dang alilipandia wapi? Katika barabara ya halmashauri yetu. Tusiwe wachoyo wa sifa.

Na hata hao waliofeli, ndugu zangu, walifeli kwa usawa. Hakuna mvulana aliyefeli kuliko msichana. Hakuna mtoto wa tajiri aliyependelewa. Wageni wa mashirika waliposoma ripoti yetu, mmoja wao alitokwa na machozi. Hapo ndipo utajua kwamba mfumo wetu wa haki unafanya kazi barabara.

Kuhusu fedha sina la kuficha, maana mimi ni muumini wa uwazi. Fedha za Mpango Kabambe zilipangwa hivi: asilimia arobaini, semina na warsha, asilimia thelathini, usimamizi na ufuatiliaji, yaani hilo gari mnaloliona pale chini ya mti wa pipal pamoja na mafuta yake na matairi yake, asilimia ishirini na tano, uzinduzi, mashada, bendera na hema, na asilimia ishirini, dharura, kwa sababu milima yetu mnaijua. Jumla, asilimia mia moja.

(Sauti ya msichana kutoka kwenye vumbi: "Mia moja na kumi na tano, mheshimiwa.")

Nani amesema? Simama. Unaitwa nani, mwanangu?

("Jitmaya Pun.")

Mnaona! Mnaona matunda ya Mpango! Mwalimu hata hajaonekana, tayari watoto wanajumlisha! Hiyo kumi na tano ya ziada, binti, ndiyo tunaita ari. Kaa chini. (Kicheko.)

(Mama mmoja asimama katikati ya akina mama wa akiba: "Mheshimiwa, huyo ni mwanangu. Mimi ni Sunmaya Pun. Na mimi nina neno.")

Mama, muda hautu...

("Muda ndio huo ninaousemea. Leo ni mwezi wa Magh. Mtihani ni mwezi wa Chait. Miezi miwili tu. Mwanangu mwaka jana alifaulu masomo yote, akaangushwa na hesabu peke yake, maana mwaka mzima hesabu alifundishwa na Mwalimu Hasta, na Mwalimu Hasta ni wa historia, maskini ya Mungu. Chuo cha ufundi kimemshikia nafasi akasomee kupima barabara. Wamesema wanangoja mtihani huu mmoja, basi. Akikosa hesabu wanampa mwingine. Baba yake yuko Malaysia, kiwanda cha samani, vidole viwili vimebaki kwenye mashine kwa ajili ya ada. Sasa mimi sitaki Bangkok, sitaki asilimia. Huyo mwalimu mnayempokea, nataka nimwone kwa macho yangu haya. Yuko wapi?")

(Makofi, marefu kuliko yote ya mheshimiwa.)

Mama Sunmaya! Maneno mazito hayo. Maneno ya mdau. Hebu nijibu swali lako kwa kina: mshereheshaji, shada liko wapi? Hatuwezi kumwacha mama wa namna hii kwenye nyasi kama mbuzi. Panda, mama, panda. (Mama Sunmaya: "Sitaki shada, nataka mwalimu.") Anasema hataki, mnaona unyenyekevu wake! Mpandisheni. Na akina mama wenzake nao wapande, wasimwache mpweke. Na baba yule mwenye koti la kijani anayefungua mdomo, panda na wewe kabla hujasema. Mwalimu Hasta, naona unakohoa. Kikohozi hicho nakijua, panda. Hakuna kubaguana. Serikali yetu ni ya wote, jukwaa letu ni la wote!

(Watu wapanda. Madawati yalia. Kiwanjani chini wabaki wanafunzi kumi na wanne na mbwa.)

Sasa huu ndio utawala bora! Nimehudhuria semina nyingi za ushirikishwaji wa jamii, ila hii ni mara ya kwanza kuona jamii nzima imeketi meza kuu. Nitaiandikia ripoti. Na nyinyi wanafunzi mliobaki huko chini msione mmeachwa, nyinyi ndio hadhira, na bila hadhira hotuba hii ningemsomea nani?

Niseme kidogo kuhusu uongozi wa shule, kwa sababu nasikia minong'ono kwamba ndugu yangu Tilakhari hakuchaguliwa. Si kweli. Tilakhari alichaguliwa kwa kauli moja, bila kupingwa, na wazazi wote waliokuwepo. Waliokuwepo walikuwa watatu, tena kwenye kibanda cha chai cha sokoni, lakini je, tuwaadhibu waliokuja kwa sababu ya waliolala? (Mzee Gopilal, kutoka jukwaani: "Hatukulala, hatukuambiwa!") Mzee, jukwaa. Jukwaa, mzee wangu. Tilakhari kwa kweli ameifanyia makubwa shule hii, licha ya kwamba anaishi Butwal na hajapata nafasi ya kuiona, na watoto wake anawasomesha shule ya kulipia huko huko mjini ili wasije wakawabana watoto wenu nafasi. Moyo huo wa kujitolea mtaupata wapi?

Na mimi je? Nisijisifu, ila nisiposema mimi atasema nani? Mimi nimekuta kitengo hiki kina mafaili manne, leo kina mafaili mia mbili na kabati lenye kufuli. Mimi ndiye niliyeanzisha Sera, nikaanzisha Mwongozo wa kuielewa Sera, nikaunda Kamati ya kuufafanua Mwongozo. Halmashauri jirani wanakuja kujifunza kwetu, wanatoka wameinamisha vichwa. Wenye wivu wasema Bishnuhari anakula. Ninakula, ndiyo, kwani nyinyi mnaishi kwa hewa? (Kicheko cha wachache.) Mvumilivu hula mbivu, ndugu zangu. (Sauti: "Mbivu zenyewe zimeshaoza!")

Sasa, naona matumbo yananguruma, na mimi ni kiongozi ninayesikia matumbo. Karani atapitisha daftari la mahudhurio hapo jukwaani. Utaratibu ni ule ule wa siku zote: unatia sahihi, asiyejua kuandika anatia dole gumba, halafu unapokea pakiti yako ya mkate wa sel na dengu. Sahihi kwanza, sel baadaye. Pale juu ya karatasi pamekunjwa, msihangaike kupakunjua, ni maneno ya kiofisi tu yanayoumiza macho. (Daftari lazunguka. Watu watia sahihi, watafuna. Mama Sunmaya ashika kalamu muda mrefu. Karani amnong'oneza: "Ni ya mahudhurio tu, mama." Naye atia sahihi.) Vizuri. Vizuri sana. Wanafunzi, pakiti zimehesabiwa kwa wenye sahihi, nyinyi mtakula matunda ya elimu.

Tukielekea tamati, tupaze sauti milima itusikie. Nikisema hesabu, mseme hoyee! Hesabu! ("Hoyee...") Hiyo hoyee imelala. Hesabu! ("Hoyee!") Elimu kwa wote! ("Hoyee!") Kata ya Saba, mfano wa taifa! ("Hoyee!") Kitengo cha Elimu! (Abweka mbwa peke yake.) Asante.

Na sasa neno la shukrani. Nawashukuru nyinyi, ndugu zangu wa jukwaani, kwa moyo wangu wote, kwa sahihi hizi sitini na nane ninazozishika mkononi mwangu. Hamjui mmenifanyia nini. Wiki ijayo wanakuja wakaguzi kutoka mkoani, na mkaguzi ni mtu asiyeamini maneno, anaamini karatasi. Hebu niwasomee, kwa maana nimesema mimi ni muumini wa uwazi, tena nina furaha. (Aikunjua karatasi.) "Sisi wananchi wa Kata ya Saba tuliosaini hapa chini tunathibitisha kwamba mwalimu wa hesabu chini ya Mpango Kabambe, Bwana Lokraj Bhusal, aliripoti kazini tarehe mosi mwezi wa Saun, na kwamba tangu hapo anafundisha kwa bidii, kwa upendo na bila kukosa hata siku moja." Safi! Bila sahihi zenu Mpango huu usingekuwepo, ndugu zangu, na kusema ukweli wa Mungu, mpaka leo asubuhi haukuwepo. Asanteni sana, na mwende salama.

(Sel zasimama midomoni.)

(Mwalimu Hasta: "Saun? Hiyo ni miezi saba. Mimi ndiye mwalimu mkuu, huyo Lokraj simjui hata kwa sura.")

Mwalimu, unamjua. Amekuwa akija kata hii mara kwa mara kikazi.

(Mzee Gopilal: "Lokraj Bhusal! Si yule kijana anayekoroma ndani ya gari pale? Dereva! Si ndiye aliyemwoa binti yako wa pili, mimi nikacheza ngoma harusini mpaka goti likafungua skrubu?")

Kwa sasa, pamoja na ualimu, anasaidia kitengo upande wa usafirishaji. Ni mtumishi mmoja, majukumu mengi. Naomba tusichanganye mambo. Mkutano umefungwa, nina sherehe kama hii Kata ya Nane saa nane mchana.

(Mama Sunmaya asimama, shada shingoni, poda usoni: "Mheshimiwa.")

Mama, itifaki. Baada ya mwenyekiti kusema, hakuna anayesema.

(Mama Sunmaya: "Si umeshashukuru? Si umeshasema mkutano umefungwa? Basi hapa hatuhutubii tena, tunaongea tu. Mimi nataka kujua kitu kimoja. Hiyo karatasi, tumesaini kwamba tumempokea?")

Mmesaini, mama, na nawashukuru.

(Mama Sunmaya: "Na mshahara wake analipwa tangu Saun?")

Kila mwezi, bila kuchelewa. Hapo halmashauri yetu haina mchezo.

(Mama Sunmaya: "Basi, wenzangu, tumempokea. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Twendeni tukamchukue mwalimu wetu.")

(Jukwaa lateremka lote kwa pamoja.)

Jamani! Mnakwenda wapi? Mashada hayo ni ya... Mzee Gopilal, achieni mlango wa gari! Mtamtisha, yule akishtuliwa usingizini hupiga kelele! (Kelele yasikika.) Mnaona? Lokraj! Lokraj, baba, usiogope, hao ni wadau! Usiwape ufunguo! Lokraj, ufunguo... Amewapa ufunguo.

(Lokraj Bhusal aletwa kiwanjani, nywele zimesimama. Avikwa mashada, ya kwake na ya wengine. Apakwa poda. Akina mama wainama kumgusa miguu, kama ifaavyo kwa mkwe. "Karibu mkwe, karibu. Mkwe wa mheshimiwa ni mkwe wetu sote." Mmoja tayari amkimbiza kuku.)

Ndugu zangu, sikilizeni, tusifike huko. Mkwe wangu ana ratiba.

(Mama mwenye kuku: "Mkwe aondoke kwetu bila kula? Unataka tulaaniwe? Hata wewe mwenyewe, mheshimiwa, ukimkuta kwako humgusi miguu? Basi mwache, akae.")

Mimi namgusa miguu, ndiyo, desturi ni desturi, siwezi kumfokea mbele yenu, lakini... Lokraj, mwanangu, mkwe wangu mtukufu, hebu wewe mwenyewe waambie unataka kuondoka. (Lokraj: "Wamesema kuna kuku, baba.") Ee Mungu wangu. Jamani, nawaambia kwa nia njema: huyu hawafai! Hesabu haijui! Hesabu ya darasa la kumi alifeli mara tatu, cheti chake nimekitafuta mimi mwenyewe kwa jasho langu, kule mpakani, kwa...

(Sauti yake yarudi kutoka kilima cha pili.)

Kipaza sauti bado kinawaka?

(Jitmaya amletea Lokraj dawati, la kwanza kutolewa jukwaani, na kitabu: "Karibu, shemeji. Tumefika ukurasa wa arobaini na mbili, tumekwama hapo tangu sikukuu ya Dashain." Lokraj akitazama kitabu: "Mimi nilikwama wa thelathini, shemeji.")

Mmesikia kwa masikio yenu! Sasa mnamtakia nini?

(Mama Sunmaya: "Tunamtakia mema. Atalala kwa mzee Gopilal, atakula nyama, hatashika jembe, heshima zote za mkwe atazipata. Siku utakapomleta anayejua hesabu, huyu tutakurudishia, kanenepa. Ila fanya upesi, mheshimiwa. Chait haiko mbali, na kuku wetu si wengi.")

Mama, hii ni... hii haimo kwenye Mwongozo. Mama Sunmaya, tuelewane kama watu wazima. Binti yangu anamngojea huyu jioni. Nitafika nyumbani kwa miguu, peke yangu, usiku. Nitamwambia nini mwanangu?

(Mama Sunmaya: "Mwambie mumewe anafundisha. Karatasi si unayo, tumetia sahihi sitini na nane.")